Viwimbi na Alama za Vidole

Mtu yeyote aliyesajili laini ya simu nchini Tanzania tangu mwaka 2019 amewahi kuweka kidole chake juu ya kioo kidogo na kusubiri. Katika muda huo mfupi chombo hupiga picha ya ngozi ya kidole, na picha hiyo hugeuzwa kuwa namba. Mengi yamekwisha semwa kuhusu ngozi yenyewe: kwamba matuta yake hayafanani baina ya watu wawili, hata wakiwa mapacha. Machache husemwa kuhusu namba. Makala haya yanahusu namba hizo: ni nyingi kiasi gani, kwa nini ilishindikana kuzihifadhi zote, na ni hisabati gani iliyotumika kuamua zipi zitupwe.

Neno kutupa lisimshtue msomaji mapema. Hata hivyo ana haki ya kuuliza. Alama ya kidole hupelekwa mahakamani. Kwayo mtu hufungwa, na kwayo mtu huachiliwa. Ikiwa kompyuta imetupa sehemu kubwa ya picha kabla shahidi hajaiona, je, shahidi huyo anaapa juu ya nini?

Kadi milioni thelathini

Idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani, iitwayo FBI, ilianza kuweka kumbukumbu kuu ya alama za vidole mwaka 1924. Kila kadi ilikuwa na alama za vidole kumi zilizopigwa kwa wino mweusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 idara hiyo ilikuwa na seti zipatazo milioni 30, na kadi mpya zilikuwa zikiingia kwa maelfu kila siku. Kutafuta kadi moja miongoni mwa hizo ilikuwa kazi ya miguu na macho. Ikaamuliwa kwamba kadi zote ziingizwe katika kompyuta.

Hebu tupige hesabu waliyoipiga wao. Picha ya kidole husomwa kwa nukta 500 katika kila inchi. Kila nukta hupewa namba moja kuanzia 0 hadi 255. Namba ndogo ni giza na namba kubwa ni mwanga. Namba kama hiyo huchukua nafasi ya baiti moja katika kumbukumbu ya kompyuta. Kidole kimoja hutoa nukta zipatazo 600,000, na vidole kumi baiti milioni 6. Zidisha kwa seti milioni 30: jibu ni baiti trilioni 180. Wataalamu wenyewe, kwa kuongeza hili na lile, walikadiria trilioni 200. Leo kiasi hicho kinaweza kuwekwa katika diski zinazoenea ndani ya sanduku moja, lakini kwa wakati ule gharama yake ilikuwa mamia ya mamilioni ya dola.

Tatizo la pili lilikuwa la kupeleka picha kutoka mahali hadi mahali. Simu za data za siku zile zilipitisha biti 9,600 kwa sekunde, na baiti moja ni biti nane. Seti moja ya vidole ni biti milioni 48. Gawanya, nawe utapata sekunde 5,000, yaani zaidi ya saa moja na dakika ishirini. Askari aliyemshika mtu njiani, akitaka kujua kama ndiye anayetafutwa, hawezi kumweka pembeni muda huo wote.

Ziko njia za kubana picha bila kupoteza hata nukta moja, kama vile mtu anavyofupisha orodha kwa kuandika “kama juu” badala ya kurudia neno. Kwa picha za vidole njia hizo hupunguza ukubwa kwa nusu hivi, na haziendi mbali zaidi. Idara ilihitaji kupunguza mara kumi na tano. Kwa hiyo ilibidi kitu kipotee, na swali likawa ni kitu gani.

Njia iliyokuwa mashuhuri wakati huo ilikuwa ile ya JPEG, ambayo ilikamilishwa mwaka 1992 na ambayo mpaka leo hutumika katika picha nyingi za kawaida. Njia hiyo huikata picha katika miraba ya nukta 8 kwa 8, na kuushughulikia kila mraba peke yake kama kwamba jirani zake hawapo. Picha ikibanwa kidogo, hakuna anayetambua. Ikibanwa sana, mipaka ya miraba huanza kuonekana kama vigae vya sakafu. Katika picha ya harusi jambo hilo ni kero tu. Katika picha ya kidole ni hatari, na sababu yake ni ya ajabu kidogo: umbali kutoka tuta moja la ngozi hadi tuta linalofuata ni karibu nusu milimita, na kwa nukta 500 katika inchi nusu milimita ni nukta kama kumi. Vigae vya nukta nane hukaribia sana kipimo cha matuta ya kidole. Jicho, na hata kompyuta inayolinganisha alama, laweza kuona mstari ambao Mungu hakuuweka pale. Zaidi ya hayo, mtaalamu wa vidole hatazami umbo la jumla tu. Hutazama mahali tuta linapokoma ghafla, mahali linapogawanyika kama njia panda, na hata vitundu vidogo vya jasho juu ya matuta. Vitu hivyo ndivyo vya kwanza kupotea.

Maji ya bamvua na wimbi la mara moja

Ili kuona kwa nini JPEG hufanya hivyo, na ni njia gani nyingine iliyokuwapo, yatupasa kurudi nyuma hadi mwaka 1807. Mwaka huo Mfaransa Joseph Fourier aliwasilisha mjini Paris andiko kuhusu mwendo wa joto katika vitu. Ndani yake alidai kwamba umbo lolote, hata likiwa na kona, linaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi mepesi: moja pana, jingine la nusu ya upana huo, jingine la theluthi, na kuendelea. Wakubwa wa hisabati wa zama hizo hawakuridhika na uthibitisho wake, lakini mbinu yenyewe ilishinda.

Watu wa pwani wanaifahamu kazi ya Fourier bila kulijua jina lake. Mwezi huvuta maji ya bahari kwa mwendo wake, na jua kwa mwendo wake. Mivuto miwili ikipatana, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huwa bamvua. Ikipingana, huwa maji mafu. Majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji yanayotumiwa bandarini hutengenezwa kwa kujumlisha mawimbi ya namna hiyo, na hutabiri vizuri, kwa kuwa mwezi na jua hurudia mambo yale yale mwaka baada ya mwaka.

Lakini tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliyoanzia karibu na Sumatra yalifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Hayakuwa mawimbi ya kurudia. Yalikuja siku moja yakaisha. Sasa, wimbi la Fourier halina mwanzo wala mwisho. Ili kueleza tukio la saa chache kwa mawimbi ya milele, huna budi kujumlisha mawimbi mengi mno, yaliyopangwa kwa ustadi ili yafutane kila mahali isipokuwa katika saa zile chache. Hesabu hiyo ni sahihi, ila ni kama kumwita kila mtu wa kijiji ashike kamba ili mbuzi mmoja asimame wima. Akiondoka mmoja tu, kamba zote hulegea. Ukiyatupa mawimbi kadhaa ili kuokoa nafasi, kufutana kunavurugika, na mikunjo ya uongo hutokea mahali ambapo bahari ilikuwa shwari.

Ukingo wa tuta la kidole ni tukio la namna hiyo hiyo. Mwanga unakuwa giza ghafla, mahali pamoja, na si penginepo.

Mhandisi wa mafuta

Dawa ilitoka mahali ambapo wanahisabati hawakuwa wakitazama. Jean Morlet alikuwa mhandisi katika kampuni ya mafuta ya Ufaransa iliyoitwa Elf Aquitaine. Watafutaji wa mafuta hutikisa ardhi, kwa baruti au kwa lori zito lenye mtambo wa kutetemesha, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka katika tabaka za miamba. Mwangwi huo una sauti nene na nyembamba kwa pamoja, na mtaalamu anataka kujua mambo mawili: ni mtetemo gani uliorudi, na umerudi lini. Mtetemo humweleza unene wa tabaka. Wakati humweleza kina chake.

Tangu mwaka 1946 palikuwa na mbinu ya Dennis Gabor ya kuutazama mwangwi kupitia dirisha, yaani kipande cha muda, na kukichambua kipande hicho kwa mawimbi ya Fourier. Dirisha la Gabor lilikuwa na upana mmoja. Likiwa pana, husikia vizuri sauti nene, lakini halijui tukio fupi lilitokea lini. Likiwa jembamba, huijua saa, lakini sauti nene haienei ndani yake. Morlet alifanya jambo rahisi. Alichukua kipande kifupi cha wimbi, chenye mikunjo michache inayoinuka na kufifia, na badala ya kubadilisha idadi ya mikunjo ndani ya dirisha, alilivuta au kulibana umbo lote kwa pamoja. Kwa sauti nene umbo huvutwa likawa pana. Kwa sauti nyembamba hubanwa likawa fupi. Umbo hilo Wafaransa huliita kwa neno lenye maana ya wimbi dogo. Sisi tutaliita kiwimbi.

Morlet alipata msaada wa Alex Grossmann, mwanafizikia wa Marseille, aliyethibitisha kwamba baada ya kuuchambua mwangwi kwa viwimbi unaweza kuujenga upya bila hasara. Andiko lao lilitoka mwaka 1984. Kilichofuata kilitegemea foleni. Mwaka 1985 Yves Meyer, profesa wa hisabati katika chuo cha École Polytechnique karibu na Paris, alikuwa akingoja zamu kwenye mashine ya kutoa nakala, na mwenzake mmoja akamwonyesha andiko hilo. Meyer akatambua ndani yake mambo aliyokuwa akiyafanyia kazi kwa miaka mingi katika hisabati tupu. Alipanda garimoshi kwenda Marseille. Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Abel, ambayo kwa wanahisabati ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa, kwa kazi iliyoanzia hapo.

Wengine wawili wapaswa kutajwa. Stéphane Mallat, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya juu nchini Marekani, alionyesha kwamba viwimbi vya Meyer na vichujio ambavyo wahandisi wa simu walikuwa wakivitumia ni jambo moja lililovaa nguo mbili, na kutokana na hilo akapata njia ya haraka ya kupiga hesabu. Ingrid Daubechies, mzaliwa wa Ubelgiji, alitengeneza viwimbi vilivyo vifupi kabisa na bado ni laini; andiko lake la mwaka 1988 ndilo lililowapa wahandisi kitu cha kushika mkononi. Baada ya hayo ilionekana kwamba kiwimbi cha kwanza kabisa kilikuwa kimekwisha chapishwa mwaka 1910 na Mhungaria Alfréd Haar, na kilikaa vitabuni zaidi ya miaka sabini pasipo mtu wa kukifanyia kazi ya namna hii. Kiwimbi hicho cha Haar ni chepesi mno hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukitumia, nasi tutakitumia sasa hivi.

Namba nane

Chukua safu moja ya nukta nane katika picha ya kidole, mahali ambapo tuta moja jeusi linakatiza:

63, 61, 58, 58, 19, 21, 60, 60

Mahali pa 19 na 21 ndipo tuta lilipo. Kwingine ni ngozi iliyo kati ya matuta, yenye mwanga, na vumbi kidogo la kawaida katika upigaji wa picha. Zigawe namba hizi mbili mbili, na kwa kila jozi tafuta wastani. Kisha toa wastani kutoka namba ya kwanza ya jozi. Jibu tuliite tofauti. Jozi ya 63 na 61 ina wastani 62 na tofauti 1. Jozi ya 58 na 58 ina wastani 58 na tofauti 0. Jozi ya 19 na 21 ina wastani 20 na tofauti –1. Jozi ya mwisho ina wastani 60 na tofauti 0.

Weka tofauti pembeni. Wastani nne zilizobaki, 62, 58, 20 na 60, ni picha ile ile iliyotazamwa kwa mbali kidogo, kama mtu aliyerudi hatua moja nyuma. Rudia kazi. Jozi ya 62 na 58 inatoa wastani 60 na tofauti 2. Jozi ya 20 na 60 inatoa wastani 40 na tofauti –20. Rudi tena hatua moja: 60 na 40 hutoa wastani 50 na tofauti 10. Sasa hakuna jozi nyingine. Ziandike namba zote, kuanzia zilizopatikana mwisho:

50, 10, 2, –20, 1, 0, –1, 0

Ni namba nane kama zile za mwanzo, na kwa kuzijumlisha na kutoa unaweza kurudi kwenye safu ya kwanza bila kukosea hata moja. Hatujaokoa chochote bado. Lakini tazama sura yake. Namba kubwa ni tatu tu: 50, 10 na –20. Nyingine ni sifuri au zimekaribia sifuri. Namba 50 yatuambia mwanga wa safu nzima kwa wastani. Namba 10 yatuambia kwamba nusu ya kwanza ina mwanga zaidi kuliko ya pili. Namba –20 yatuambia kwamba katika nusu ya pili, na hapo tu, liko giza upande wa kushoto. Hilo ndilo tuta.

Sasa tutupe. Namba 2, 1 na –1 tuzifanye sifuri, kisha tujenge upya. Kutoka 50 na 10 tunapata 60 na 40. Kutoka 60 na 0 tunapata 60 na 60. Kutoka 40 na –20 tunapata 20 na 60. Hatua ya mwisho huzirudufu:

60, 60, 60, 60, 20, 20, 60, 60

Linganisha na safu ya mwanzo. Tuta liko pale pale, kingo zake ni kali kama zilivyokuwa, na kosa kubwa kuliko yote ni 3 katika kipimo cha 255. Kilichopotea ni vumbi. Na kumbuka tumehifadhi namba tatu badala ya nane.

Mwalimu anayetaka wanafunzi waone upande wa pili wa jambo hili awape kazi ya kutupa –20 na kubakiza nyingine zote. Watapata 63, 61, 58, 58, 39, 41, 40, 40. Tuta limeyeyuka, ingawa namba moja tu ndiyo iliyotolewa. Lakini waone pia kwamba nusu ya kwanza ya safu haikuguswa hata kidogo. Uharibifu wa kiwimbi hukaa mahali pake, tofauti na wimbi la Fourier linalosambaza kosa lake safu nzima.

Kwa picha nzima kazi ni hiyo hiyo: safu zote kwanza, kisha nguzo zote za wima, kisha picha ndogo ya wastani iliyopatikana hurudishwa tena mwanzo. Nukta nane zilidai jozi nne, kisha mbili, kisha moja, jumla saba. Nukta elfu zitadai jozi zisizozidi elfu. Hesabu ikiongezeka kwa kiasi cha nukta tu, na si zaidi, kompyuta ndogo hulimudu zigo. Huo ndio wepesi aliouleta Mallat. Kasoro ya Haar ni kwamba hujenga kila kitu kwa ngazi za mraba, na mteremko wa polepole huonekana kama ngazi za nyumba. Kwa hiyo kazini hutumiwa viwimbi laini zaidi, ambavyo badala ya wastani wa namba mbili huchukua wastani wenye uzito wa namba tisa au saba zilizo jirani.

Vumbi likiwa ndilo adui

Katika mfano wetu vumbi lilitoka lenyewe tulipokuwa tukitafuta nafasi. Wako waliolitafuta hilo hasa. David Donoho na Iain Johnstone, wanatakwimu, walionyesha mwaka 1994 ni kiwango gani tofauti ndogo zihesabiwe kuwa makelele na kufutwa. Katika Chuo Kikuu cha Yale Ronald Coifman na wenzake walijaribu viwimbi juu ya sauti ya piano ya Johannes Brahms iliyorekodiwa mwaka 1889 juu ya mcheduara wa nta, sauti iliyozama katika mikwaruzo kiasi kwamba msikilizaji wa kawaida angeapa hapana piano mle. Na tarehe 14 Septemba 2015, vipimo viwili vya LIGO nchini Marekani vilipopitiwa kwa mara ya kwanza na wimbi la uvutano kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana, programu iliyoligundua ndani ya dakika chache ilikuwa ikiichambua ishara kwa viwimbi. Tukio lote lilichukua sehemu ya tano ya sekunde, likipanda kutoka mitetemo 35 hadi 250 kwa sekunde. Ishara inayokuja mara moja, ikibadilika inapokuja, ndiyo hasa ambayo Morlet aliitafuta katika miamba.

Uamuzi wa mwaka 1993

Tumrudie mtu wetu na kidole chake. FBI, ikisaidiana na maabara ya Los Alamos na taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, iliiacha JPEG, na mwaka 1993 ikakubali njia ya viwimbi iitwayo WSQ. Njia hiyo huigawa picha ya kidole katika makundi 64 ya tofauti, kutoka yaliyo mapana hadi yaliyo madogo kabisa. Tofauti za kila kundi huviringishwa kwenye namba iliyo karibu, kama muuza duka anavyoviringisha senti, na kila kundi lina kipimo chake cha kuviringisha. Makundi yanayobeba umbo la matuta huviringishwa kwa uangalifu; yale ambayo hubeba vumbi zaidi huviringishwa kwa ukali, na mengi humo huwa sifuri. Hatimaye mbinu ya David Huffman ya mwaka 1952 huzipa namba zinazorudia mara nyingi alama fupi, na zile za nadra alama ndefu.

Matokeo yake ni picha iliyopungua mara kumi na tano hivi. Zile sekunde 5,000 za simu huwa 333, yaani dakika tano na nusu. Zaidi ya hapo wakuu wa viwango hawashauri, na kuna jambo jingine wanalolikataza: picha iliyokwisha banwa na kufunguliwa isibanwe tena. Kila mara namba huviringishwa upya, na kosa huongezeka juu ya kosa, bila alama yoyote ya nje ya kumtahadharisha atakayeitazama baadaye. Programu yoyote ya WSQ hupimwa kwanza kwa picha maalumu ambazo majibu yake yanajulikana, ndipo hupewa kibali. Kwa picha za nukta 1,000 katika inchi hutumiwa JPEG 2000, ndugu mdogo wa JPEG ambaye ameiacha miraba na kushika viwimbi. Huyo huyo ndiye anayebeba picha katika majumba ya sinema yaliyoacha filamu za mkanda. WSQ yenyewe imo katika kiwango cha kimataifa cha kubadilishana picha za vidole.

Je, shahidi anaapa juu ya nini, basi? Jibu la kihisabati ni kwamba anaapa juu ya matuta yaliyohifadhiwa kwa kosa linalojulikana kiasi chake, na hilo ni zaidi ya linaloweza kusemwa juu ya wino uliokanyagwa vibaya kwenye kadi. Lakini liko tukio moja ambalo walimu wanaweza kulijadili na madarasa yao. Mwezi Machi 2004 treni zilishambuliwa kwa mabomu mjini Madrid, na polisi wa Hispania wakapata alama ya kidole kwenye mfuko wa plastiki wenye vifaa vya kulipulia. Picha yake ilipelekwa Marekani kwa njia ya kompyuta. Kompyuta ya FBI ikatoa orodha ya watu ishirini ambao alama zao zilikaribiana nayo, na wataalamu watatu wa idara wakakubaliana juu ya wa nne katika orodha, wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa na mahakama kwa ajili ya upande wa utetezi, alikubaliana nao. Wakili akawekwa kizuizini wiki mbili, mpaka polisi wa Hispania walipotangaza kwamba kidole kilikuwa cha mtu mwingine, raia wa Algeria.

Mwanzoni FBI ilisema ubora wa picha ndio uliowapoteza. Kamati ya wataalamu kutoka nje iliyochunguza jambo hilo mwaka huo huo ilikataa: ubora wa picha haukuwa sababu. Uchunguzi wa mkaguzi mkuu wa wizara ya sheria, uliotolewa mwaka 2006, ulieleza kilichotokea. Alama mbili zilikuwa zimefanana kwa kiasi kisicho cha kawaida. Wataalamu walipokwisha kuona mfanano huo, walianza kuyatafuta katika alama ya Madrid mambo waliyokuwa wameyaona kwanza kwenye kadi ya wakili, na mahali ambapo picha ilionyesha tofauti walitafuta maelezo ya kuiondoa.